Gauni Lisilopwaya

Kazi yangu ina sheria moja: bibi harusi hasomewi namba.

Nampima, naandika, nafunga daftari. Akiuliza, "Kiuno ngapi?" namjibu, "Kinatosha kushikwa." Anacheka, mama yake anacheka, tunaendelea. Sheria hii sikufundishwa chuoni, ingawa diploma ninayo, iko ukutani pale juu ya meza ya pasi, imejikunja pembe kwa mvuke, na mimi fundi mzima nimeshindwa kuinyoosha. Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimsomea binti mmoja nyonga zake mbele ya mawifi zake watarajiwa, kwa sauti utadhani natangaza matokeo ya uchaguzi. Binti wa watu akaacha kula. Siku ya harusi akazimia wakati wa kukata keki. Keki ilikuwa ya ghorofa tatu; alipoinuliwa ilibaki moja. Tangu siku hiyo namba ni siri yangu na daftari.

Halafu kuna jambo la pili. Bibi harusi ni kama kipande cha sabuni, kila ukimshika amepungua. Wengine kwa kujinyima, wengine kwa wasiwasi, wengine kwa kugombana na mawifi juu ya rangi ya vitambaa vya meza. Kwa hiyo nikabuni utaratibu. Akija kujaribu gauni, nampima kwanza. Namkalisha, anapewa chai, napiga naye soga mdomo umejaa pini, ndiyo maana wananiita Mama Pini, na huku nimegeukia cherehani nalipunguza gauni pale pale. Sikati kitambaa. Kilichozidi nakikunja kwa ndani na kukishikiza kwa uzi wa rangi: mara ya kwanza bluu, ya pili nyekundu, ya tatu kijani, ili baada ya harusi, mwili ukirudi na riba yake, nijue pa kufumua. Akivaa, limekaa. Miaka ishirini na tatu hakuna bibi harusi aliyewahi kuona gauni langu likimpwaya.

Nilikuwa najivunia hilo. Nalisema mapema kabisa ili usije ukanipenda sana.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mama Redio. Redio ni mwanaye wa pekee. Jina hilo tulimpa mtaani akiwa na miaka miwili, maana alianza kuongea siku moja na hakufunga matangazo tena. Anaongea akila, anaongea akipiga mswaki. Alipokua akapata kazi ya kupokea simu kwenye ofisi ya maji, kazi iliyoumbwa kwa ajili yake, na huko huko akakutana na kijana mmoja fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa. Kijana mwenyewe hasemi. Ukimsalimia anaitika kwa nyusi. Nikamwambia Mama Redio, "Shoga, umepata. Redio imeolewa na umeme. Sasa hata mtaa mzima ukiingia giza, yenu itaendelea tu."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Mama Redio yeye ni maua. Alikuwa karani wa shule, akastaafu, na uwanja wake si mkubwa kuliko darasa moja, lakini humo ndani ana miti arobaini na miwili ya waridi, yote meupe, na asumini karibu na bomba, na vimiche vimejaa kwenye makopo ya rangi na sufuria zilizotoboka. Wanawake wengine wana dhahabu, yeye ana samadi. Tulishakubaliana zamani, Redio akiwa darasa la kwanza: siku akiolewa, gauni litatoka kwangu na maua yatatoka kwake. Shada la dukani halitavuka kizingiti.

"Waridi lina hesabu yake," aliniambia. "Ukilipogoa leo, linachanua baada ya wiki saba. Ukikosea wiki moja, bibi harusi anabeba miba."

Basi harusi ilipopangwa, akarudi nyuma kwenye kalenda kutoka ile Jumamosi, wiki saba kamili, na asubuhi hiyo akaingia na mkasi wake akakata miti yote ikabaki vijiti. Bustani ikawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kunyolewa. Mchana wa siku hiyo hiyo nikampima Redio kwenye chumba changu cha kazi. Kiuno, inchi thelathini na mbili. Nikaandika, nikaweka tarehe, nikafunga daftari.

"Ngapi, mama mdogo?"

"Zinamtosha fundi umeme."

"Usiseme hivyo, yule akisikia ataitika kwa nyusi zote mbili!"

Wiki mbili baadaye akarudi. Thelathini na nusu. Nikasema moyoni, kama kawaida, sabuni. Chai, soga, uzi wa bluu. Akavaa, akazunguka mbele ya kioo, limekaa kama limemwagwa.

Wiki mbili tena. Alifika akiwa ameshikilia mlango, anahema, na nyumba yao na yangu ni hatua ishirini.

"Shikamoo mama mdogo. Nimekimbia."

"Marahaba. Nani anakukimbiza?"

"Harusi."

Nikacheka. Nikampima. Ishirini na tisa. Nilipokuwa naweka kola, vidole vyangu vikagusa kitu upande wa shingo, juu kidogo ya mfupa wa bega. Kilikuwa kigumu, ukubwa wa harage. Kando yake kingine kidogo. Mimi macho yangu ni mepesi, naona uzi uliotoka kwenye mshono wa mtu anayepita barabarani. Nikaona pia mfupa wa bega umesimama kuliko mara ya kwanza, na kwenye kwapa la blauzi yake jasho limekauka likaacha ramani.

"Hapa umegonga wapi?"

"Tezi hizo. Jino lilikuwa linaniuma." Akanitazama kwenye kioo. "Usimwambie mama. Unamjua. Atasema tusimamishe kila kitu twende tukapime jino."

"Linauma?"

"Haliumi hata. Mama mdogo, zimebaki wiki tatu. Nikishaolewa nitakwenda popote mnapotaka, hata kwa daktari wa ng'ombe."

Akacheka, nami nikacheka. Halafu nikafanya ninachokijua. Nikatoa lesi pana, nikapandisha kola mpaka chini ya sikio. Vile vitu vikapotea. Likawa gauni zuri kuliko mwanzo, nasema kweli. Uzi mwekundu kiunoni.

Siku mbili baadaye Mama Redio akaniita ukutani. Alikuwa na kisu cha palizi mkononi na udongo hadi kwenye viwiko. Vijiti vyake vilikuwa vimeota majani mekundu yale mapya.

"Shoga, hebu niambie. Redio naona kama anakonda. Uso umekuwa mdogo. Nikimuuliza ananitolea maneno mia, silioni jibu hata moja."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Ningesema: ndiyo, inchi tatu kwa wiki nne, na shingoni kuna vitu. Sekunde tatu tu. Lakini nikamwona alivyosimama, mwanamke aliyesubiri siku moja kwa miaka ishirini na minane, na nikaisikia sauti ya Redio, na mdomo wangu ukasema ulichozoea.

"Uso ni usingizi," nikasema. "Bibi harusi gani analala? Gauni linamkaa kama siku ya kwanza."

"Lile lile? Hujapunguza?"

"Lile lile."

Mabega yake yakashuka. "Basi. Wewe ndiye unayempima. Nilishaanza kujitia wazimu." Akarudi kupalilia, nikamsikia anaimba imba bila maneno.

Wiki ya tano na nusu: ishirini na saba na nusu. Uzi wa kijani. Siku hiyo Redio hakunywa chai. Alikaa akisikiliza cherehani, na mimi nikaongea peke yangu, nikamsimulia habari za keki ya ghorofa tatu ambazo anazijua tangu mtoto, na akatabasamu mahali pa kutabasamu. Redio ilikuwa imepungua sauti, na mimi nikajiambia ni ukubwa, mtoto anakuwa mke.

Jumanne ya wiki ya sita ilikuwa siku ya kujaribu mara ya mwisho. Mama yake alikuja naye, kashika tumba moja la waridi lililotangulia wenzake, alitaka kuliona kwenye gauni. Nikapima: ishirini na sita na nusu. Nikatafuta uzi wa rangi ya nne, sijawahi kufika rangi ya nne, nikachukua wa njano. Redio akavaa. Limekaa. Mama yake akalipeleka lile tumba kifuani pake, akarudi nyuma kutazama, akaanza kulia ile ya furaha.

"Mama," Redio akasema, "naomba nikae."

Akakaa juu ya rundo la vitambaa, na gauni lote. Nikasema, "Utalikunja hilo, mwanangu, nitakupigisha pasi mwenyewe." Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, kama mtu anayepuliza chai. Tulimngoja ainuke. Hakuinuka.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la korido toka asubuhi hadi mchana: mimi, Mama Redio na yule kijana aliyekuja na mkanda wa vifaa vyake bado kiunoni. Tumba la waridi Mama Redio alikuwa amelishika tu, hakujua aliweke wapi. Daktari alikuwa binti mdogo, kalamu mbili mfukoni, anaongea taratibu.

"Mama, amepungua uzito kwa muda gani?"

"Hajapungua," Mama Redio akasema.

"Mifupa inaonyesha amepungua sana. Miezi? Wiki?"

"Daktari, hajapungua. Nilikuwa na wasiwasi huo huo. Lakini ana gauni, lilishonwa kwa kipimo cha mwezi uliopita na leo asubuhi limemkaa. Muulize huyu. Huyu ndiye fundi wake."

Daktari akanigeukia. Yule kijana akanigeukia. Mkoba wangu ulikuwa mapajani na daftari lilikuwa ndani, maana siachani nalo hata nikienda sokoni. Nilitafuta mzaha. Nakwambia ukweli, nilipekua kichwa kizima nikitafuta kitu cha kuchekesha, na hapakuwa na kitu.

Nikatoa daftari. Nikafungua ukurasa wake, nikampa.

Daktari akasoma akishuka na kalamu. "Hizi ni inchi? Tarehe ni za kweli? Inchi tano na nusu kiunoni kwa wiki sita." Akafunua ukurasa. "Na hapa umeandika, shingo, kushoto, vitu viwili, kama harage. Wiki mbili zilizopita." Akainua macho. "Nani ameandika haya?"

"Mimi."

"Wewe ni muuguzi?"

"Fundi cherehani."

"Yangetusaidia sana haya," akasema. Hakusema kwa ubaya. Akaomba ayanakili.

Alipomaliza Mama Redio akanyoosha mkono. Nikadhani ananyoosha kwangu, kumbe kwa daftari. Akasoma kama karani anavyosoma, kidole chini ya kila mstari. Kidole kikasimama.

"Hii tarehe," akasema. "Siku mbili baada ya hii nilikuita ukutani."

"Ndiyo."

"Ukaniambia ni usingizi."

Alinirudishia daftari likiwa limefungwa, kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayemrudishia mgeni kitu alichosahau. Heri angenizaba kofi.

Majibu yalitoka baada ya siku tatu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kwenye zile tezi na ulikuwa umeshashuka kifuani, na kwenye ini pia. Daktari akatueleza kuna dawa ya kuupunguza kasi, sio ya kuuondoa. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake, nikamuuliza kama zile wiki mbili tatu zingebadilisha kitu. Alifikiri kwanza, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Mapema huwa ni bora," akasema.

Nimeigeuza sentensi hiyo kama nguo, ndani nje, nje ndani. Haina mshono wa kufumua.

Jumamosi ya harusi ilifika. Ukumbi ulishafutwa, watu walishaambiwa, lakini maua hakuna aliyeyaambia. Nilifungua dirisha asubuhi nikayaona juu ya ukuta: miti arobaini na miwili, yote kwa pamoja, siku ile ile aliyoihesabu, meupe mpaka macho yanauma. Hakukosea hata kwa siku moja. Watu waliokuwa wanapita walisimama kuyapiga picha na simu zao. Mama Redio akatoka na mkasi, akakata ndoo nzima, akavaa viatu vyake vizuri, akaenda nayo hospitali. Saa mbili baadaye alirudi na ndoo ile ile. Kwenye wodi ile maua hayaruhusiwi. Yana vijidudu, na wagonjwa hawana kinga. Aliweka ndoo karibu na bomba na kuiacha hapo. Yaliyobaki mitini hakuyagusa. Yakawa ya kahawia, yakaning'inia, yakaanza kudondoka petali moja moja upande wangu wa ukuta, na mimi nikawa nafagia.

Wiki nne hakunisemesha. Salamu, ndiyo, alinipa, maana ni mtu aliyelelewa. "Umeamkaje, jirani?" Jirani. Miaka yote ile nilikuwa shoga.

Wakamrudisha Redio nyumbani. Waliposema "kumrudisha nyumbani" nilielewa, nina diploma lakini hata asiye nayo angeelewa. Dawa ilikuwa imemshinda, au yeye kaishinda, sijui wanavyosema. Daktari alitaja wiki tatu, labda nne.

Asubuhi iliyofuata nikasikia mkasi. Nikachungulia. Mama Redio alikuwa anapogoa. Aliondoa maua yote makavu, akashuka na matawi, mti kwa mti, mpaka vikabaki vijiti. Nilihesabu wiki saba kichwani kabla sijajizuia. Aliniona nachungulia, na akajua nahesabu nini. Wote wawili tunajua hesabu.

"Njoo na futi yako," akasema. "Na gauni. Anakuita."

Redio alikuwa amelazwa sebuleni, kitanda kimesogezwa dirishani. Fundi Umeme alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Alikuwa amemfungia taa ndogo ya kusomea na swichi ya kamba ili asihangaike kunyoosha mkono. Ndiyo maneno yake hayo. Redio kichwa hakina nywele. Macho ndiyo yaliyokuwa yake.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka nilivae mara moja. Harusi sitaki, watu watalia kwenye soda. Nataka kulivaa tu, huyu alione." Kijana akaitika kwa nyusi, halafu akatazama sakafu.

Tukamsimamisha, mimi na mama yake, kila mmoja kwapa moja. Nikapitisha futi. Nikaivuta ikakutana, nikaangalia, nikanyoosha mkono kuchukua daftari, kama nifanyavyo siku zote.

"Soma kwa sauti," Mama Redio akasema.

"Shoga..."

"Soma. Kwa sauti."

Miaka ishirini na tatu. Muda wote huo sijamsomea mtu namba. Nikasoma.

"Ishirini na tatu."

Redio akasema, "Kiuno hicho nimekitafuta tangu kidato cha pili," akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukamkalisha mpaka kikapita.

Nikachukua gauni na kibweta cha nyuzi. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta rangi ya tano. Redio akanishika kidole.

"Usilipunguze, mama mdogo. Fumua."

"Zote?"

"Zote. Nataka lile la kwanza."

Nikakaa kwenye kiti karibu na dirisha nikafumua. Njano, kijani, nyekundu, bluu. Mama Redio alikaa mbele yangu akiokota vipande vya uzi kila vinapoanguka, akivizungushia kidoleni, rangi juu ya rangi. Nikafumua na lesi ya shingoni.

Tukamvalisha. Liliteremka likamzunguka, kiuno kikawa mbali na kiuno chake, mabega yakateleza, na shingoni vile vitu vilikuwa wazi, sasa ukubwa wa limau. Hatukumfunga zipu wala kushika nyuma. Alisimama ndani yake kama mtoto aliyeingia kwenye nguo za mama yake, ameegemea kifua cha Fundi Umeme, na yule kijana akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia.

"Hili ndilo nililoambiwa kuwa utavaa," akasema.

Mama Redio alitazama sana. Hakulia ya furaha wala ya huzuni. Nje ya dirisha vijiti vyake vilikuwa vimesimama kwenye mistari, havina hata jani.

Kisha akalichukua daftari langu mezani, akalifungua kwenye ukurasa wa Redio, akaniwekea mapajani na kalamu juu yake.

"Andika," akasema. "Na tarehe."

Nikaandika.